Shingo iliyofungwa, shingo inayotoka au sakafu bapa? Kuchagua trela ya kubebea mashine nzito Mombasa

Ukiulizia trela ya kubebea mashine Changamwe au Jomvu, jibu la kwanza utakalopewa ni tani: hii ya 40, ile ya 60, ile ndefu ya 80. Tani hizo ni za fremu. Zinaeleza chuma kitastahimili kiasi gani kabla hakijapinda; hazielezi barabara itakuruhusu kupita na kiasi gani. Mizani ya Mariakani haisomi kilichochorwa ubavuni mwa trela, inasoma ekseli. Kwa hiyo anza na maswali matatu, kwa mpangilio huu: ekseli ngapi, sakafu iko juu kiasi gani, na mashine inapandia wapi. Bei na rangi zitafuata.

Kwa asiye na muda, msimamo wetu ni huu: mkandarasi wa Pwani anayemiliki trela moja tu achukue lobedi (trela yenye sakafu ya chini) ya ekseli 3, shingo iliyofungwa (isiyotenganishwa na trela), rampu za haidroliki zisizopungua mita 3. Nyingine zote ni za kazi maalumu, na hapa chini tunaeleza ni kazi zipi.

Ekseli kabla ya tani

Kenya inafuata viwango vya Afrika Mashariki. Ekseli ya usukani ni tani 8. Ekseli moja ya tairi 4 ni tani 10, ekseli 2 za pamoja tani 18, ekseli 3 za pamoja tani 24. Kichwa cha ekseli 3 kikivuta trela ya ekseli 3 kinafika jumla ya tani 50. Gari la ekseli 7 linafika tani 56, na bila kibali huo ndio ukomo.

Sasa toa uzito wa vyuma vyenyewe. Kichwa chenye difu mbili kina tani 9 hivi kikiwa kitupu. Lobedi ya ekseli 3 ina kati ya tani 10 na 13, tuchukue 12. Katika zile 50 zinabaki 29. Hizo ndizo tani halali za ile “lobedi ya 60”, na ni kama uzito umegawanyika vizuri. Ekskaveta ya daraja la Komatsu PC200 au CAT 320, ambayo ni tani 20 hadi 23, inapita bila shida. Ya daraja la PC300, tani 31 kwenda juu, imeshazidi. Buldoza ya CAT D8 ikiwa na bledi na ripa inakaribia tani 38, na hiyo haisafiri bila kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kwa trela ya ekseli 4 au zaidi.

Kosa linalowakamata wengi hata hivyo si jumla, ni mgawanyo. Chukua lobedi ambayo kutoka kingpini (pini ya chini ya shingo inayoshikana na kichwa) hadi katikati ya ekseli zake 3 ni mita 9. Weka juu yake ekskaveta ya tani 22 ambayo kitovu cha uzito wake kiko mita 3.5 mbele ya ekseli. Kingpini inabeba 22 × 3.5 ÷ 9, yaani tani 8.6, na ekseli za trela zinapokea 13.4. Ongeza tani 8 za trela yenyewe zinazokalia ekseli hizo, unapata 21.4. Uko chini ya 24.

Sogeza mashine hiyohiyo mita 2 nyuma, kwa sababu opareta aliogopa kukaribia shingo. Kingpini sasa inabeba tani 3.7 pekee, ekseli za nyuma zimefika 26.3. Gari zima bado ni tani 43 na linaruhusiwa 50, lakini umeshikwa. Na ekskaveta si magunia ya mahindi upunguze mawili matatu. Dawa ni kuisogeza mbele palepale uani pa mizani, kwa hiyo opareta na ufunguo wa mashine wasafiri pamoja na lori, wasibaki nyuma kusubiri matatu.

Kuna hila nyingine inayosahaulika. Mwili wa juu wa ekskaveta una chuma kizito cha kusawazisha upande wa nyuma. Ukiuzungusha nyuzi 180 bila kusogeza cheni hata inchi moja, umehamisha kitovu cha uzito. Ndiyo maana mizani inaweza kukukatalia ukienda na kukukubali ukirudi, mashine ni ileile.

Aina zenyewe

| Aina | Sakafu kutoka chini | Mashine ya mita 3.1 inafika | Inapandia |
|---|---|---|---|
| Sakafu bapa ya kawaida | mita 1.5 | mita 4.6 | kreni, au kilima cha kifusi |
| Sakafu ya ngazi | mita 1.1 | mita 4.2 | nyuma, rampu ndefu |
| Lobedi, shingo iliyofungwa | mita 0.9 | mita 4.0 | nyuma, rampu |
| Lobedi, shingo inayotoka | mita 0.5 | mita 3.6 | mbele |

Vipimo hivi ni vya kawaida tu. Kila trela ipimwe kwa tepu, ikiwa na tairi zake zenyewe na upepo wake kamili.

Trela ya sakafu bapa ndiyo iliyojaa mjini, na kwa safari moja ndiyo rahisi kuliko zote maana haikosi mzigo wa kurudi nao. Inafaa jenereta, folklifti, trakta, mashine zilizofunguliwa vipande. Haifai ekskaveta. Hata ukipata kreni ya kuipandisha, mita 4.6 zitakutana na nyaya za umeme kabla hujafika mbali. Wengine huuliza kama trela ya mifupa ya kontena inaweza kubeba mashine iliyoshuka melini ikiwa imefungwa juu ya kontena bapa lisilo na kuta. Inaweza, ikiwa mashine ni fupi. Sakafu ya kontena hilo inaongeza zaidi ya nusu mita juu ya trela ambayo tayari iko mita 1.5, na mashine ya mita 3 inakuwa mnara. Ni nafuu kuishusha ndani ya bandari na kuihamishia kwenye lobedi.

Sakafu ya ngazi ni ya katikati kwa kila kitu. Huwafaa wanaobeba mashine za tani 8 hadi 15 mara chache, na siku nyingine wanabeba vyuma, mabomba au saruji. Udhaifu wake uko kwenye rampu: sakafu ya mita 1.1 yenye rampu fupi ni mwinuko ambao rola halipandi. Mwenye mashine za cheni kila wiki asiipoteze pesa yake hapa.

Lobedi ya shingo iliyofungwa ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi Mombasa, na si kwa bahati. Haina pampu ya kuharibika shingoni, kichwa chochote chenye sahani (ya kushikia kingpini) inayolingana kinaivuta, na fundi yeyote anayejua breki za upepo anaitengeneza. Mashine inapanda kutoka nyuma, inapita juu ya ekseli, inashuka kwenye sakafu ya kati. Pale inapopita juu ya tairi ndipo pa kuangaliwa: kwenye baadhi ya trela sehemu ya juu ya ekseli imeinuka kuliko sakafu, na mashine yenye tumbo la chini, kama ile ya kutandika lami, itakwama kwenye mgongo huo ikiwa imening’inia kama mizani ya sokoni.

Lobedi ya shingo inayotoka ni chombo kingine kabisa. Unaegesha, shingo inashusha sakafu hadi iguse ardhi, pini zinatolewa, kichwa kinaondoka na shingo yake, na mashine inaingia kutoka mbele karibu bila kupanda. Kwa rola la chuma laini, mashine ya kutandika lami, mtambo wa kuchimba visima au wa kusaga kokoto, hakuna kinachoifikia. Lakini hesabu na haya. Inahitaji haidroliki, ama pampu inayoendeshwa na giaboksi ya kichwa, ama injini ndogo iliyofungwa juu ya shingo. Vichwa vingi vya kukodi mjini vimezoea kuvuta makontena na havina pampu hiyo, kwa hiyo ukinunua trela ya aina hii bila injini yake, umejifunga na kichwa kimoja tu. Pia inataka ardhi ngumu na sawa. Kwenye tope la mvua za masika sehemu ya mbele inazama, na kuzirudisha pini kwenye matundu yake kunaweza kula nusu ya siku. Tatu, ikiwa imebeba inabakisha sentimita 15 hivi chini ya tumbo. Matuta ya vijijini hayakujengwa kwa kuifikiria.

Lori la kulaza sakafu, linaloitwa bredauni, tunalitaja kwa ufupi: kwa beko (yenye ndoo mbele na mkono wa kuchimba nyuma), rola dogo na folklifti ndani ya mji linashinda zote kwa haraka. Zaidi ya tani 10 liache, hata mwenye lori akikuapia.

Mashine ipi, trela ipi

Beko huwadanganya watu. Ni tani 8 tu, basi wanadhani itakaa popote. Lakini mkono wake wa nyuma ukikunjwa kwa safari unafika mita 3.6 au zaidi kwenda juu, ingawa paa la kibanda liko chini ya mita 3. Juu ya sakafu ya mita 1.1 imeshafika 4.7, juu kuliko ekskaveta iliyo kwenye trela bapa. Ulaze mkono nyuma, ndoo iguse sakafu juu ya ubao, na uhakikishe trela ina urefu wa kutosha. Kwa safari ya kilomita chache, beko, greda na shovu hutembea zenyewe, na hiyo ni nafuu kuliko trela yoyote.

Greda ni suala la urefu, mita 9 hivi, na la kiungo cha katikati ambacho lazima kifungwe kwa pini yake kabla ya safari. Bila pini, kiungo hukunjika kwenye kona na minyororo inalegea yote kwa mpigo. Kisu kizungushwe kiingie ndani ya upana wa tairi.

Ekskaveta ya tani 20 ina upana wa mita 2.8 hadi 3.2 kulingana na viatu vya cheni. Huo ni mpana kuliko gari la kawaida, kwa hiyo hata uzito ukiwa halali, upana unataka kibali, vitambaa vyekundu kwenye pembe na gari la kusindikiza kama kibali kinavyoelekeza. Angalia pia cheni zikanyage wapi. Lobedi nyingi zina mabano ya kutoa nje kila upande na mbao za kupanua sakafu. Cheni ikiwa nusu imekaa hewani, mashine nzima inategemea ukingo wa bimu, na ukingo haukuundwa kwa hilo.

Buldoza ya D8 ifunguliwe bledi. Bledi peke yake ina upana wa karibu mita 4, na ikisafiri kwa lori jingine unapunguza upana na uzito kwa pamoja. Ndiyo, inataka kreni pande zote mbili, na hiyo iingie kwenye bei kabla hujampa mteja jibu.

Rampu zinaamua zaidi kuliko unavyofikiri

Sakafu ya sentimita 90 yenye rampu za mita 2.2 ni mwinuko wa nyuzi 24. Rampu za mita 3 zinaushusha hadi nyuzi 17 au 18, na za mita 3.5 hadi 15. Cheni zitapanda zote tatu. Rola lenye ngoma laini ya chuma halitapanda ya kwanza, na asubuhi yenye umande wa bahari hata ya pili litateleza, maana chuma juu ya chuma chenye maji hakina mshiko wowote. Ukiwa na rola, weka mbao ngumu zilizofungwa kwa bolti kwenye rampu au tandika mpira mzito. Mchanga si suluhisho. Unageuka kuwa vibiringishi chini ya ngoma.

Rampu za springi hazina cha kuvuja na mtu mmoja anaziinua springi zikiwa na nguvu. Zikichoka zinamuangukia utingo. Rampu za haidroliki ni nzito zaidi na hufika urefu mkubwa, ila mpira wa mafuta ukipasuka zinashuka zenyewe, kwa hiyo lazima ziwe na pini au mnyororo wa kuzishikilia zikiwa juu. Usikubali trela ambayo pini hizo “zilipotea”.

Na kabla mashine haijakanyaga rampu, weka miguu ya kushikilia chini ya mkia wa trela, au magogo. Mashine ya tani 20 ikiwa bado kwenye rampu inasukuma mkia chini na kuinua shingo. Shingo inainua mgongo wa kichwa, tairi za breki zinapoteza mkazo ardhini, na trela inaanza kujiendea. Kichwa kibaki kimeunganishwa, breki ya mkono imevutwa, vizuizi viko kwenye tairi za kichwa na za trela. Egesha pasipo na mteremko wa pembeni. Kifusi cha matumbawe kilichoshindiliwa ni kizuri. Mchanga wa ufukweni ufunikwe kwa mbao nzito kwanza.

Ekskaveta inapanda ikiwa na mota za cheni upande wa chini na mkono ukielekea juu. Nyoosha kwanza, kisha panda bila kukata kona. Ukikosea mstari, rudi chini uanze upya. Ikifika ukingoni pa sakafu itataka kuanguka mbele kwa kishindo: opareta atangulize ndoo, aikanyagishe sakafuni juu ya ubao na aishushe mashine taratibu. Kuzungusha mwili wa juu kungoje cheni zote ziwe zimelala kwenye sakafu. Mwelekezaji ni mmoja, anasimama anapoonekana, na hakuna anayesimama kando ya rampu.

Minyororo

Mizigo mingi tunayoiona ikipita Miritini imefungwa kwa minyororo miwili ya mbele na imani. Hesabu inasema hivi. Kufunga breki kwa ghafla kunaisukuma mashine mbele kwa nguvu inayokadiriwa kuwa asilimia 80 ya uzito wake. Kwa tani 22 hiyo ni tani 17.6. Sakafu ya mbao kavu chini ya cheni inaweza kushika asilimia 30 hivi, yaani tani 6.6. Tani 11 zilizobaki ni za minyororo inayovuta kurudi nyuma.

Mnyororo wa milimita 10 wa daraja la 80 una uwezo wa kufungia wa tani 6.3, wa milimita 13 tani 10. Ukiwa umelala kwa nyuzi 45, kiasi kinachovuta kwa mstari wa safari ni kama asilimia 70. Miwili ya milimita 10 inakupa tani 9 kasoro, haitoshi. Miwili ya milimita 13 inakupa 14. Kwa hiyo kwa mashine ya tani 22 tumia minne ya milimita 13, miwili ikivuta mbele na miwili nyuma, na wa tano kwenye mkono au ndoo. Sakafu ikiwa ya chuma kitupu mshiko unashuka hadi asilimia 20 au chini yake, na ikilowa mafuta usiuhesabu kabisa. Hii ndiyo faida ya sakafu ya mbao ambayo wauzaji wa trela za chuma tupu hawaitaji.

Kulabu ziingie kwenye matundu ya kufungia yaliyowekwa na kiwanda, si kwenye viatu vya cheni wala kwenye mabomba ya haidroliki. Vikazo vya skrubu ni bora kuliko vya mkono mrefu, ambavyo vikirudi ghafla huvunja taya. Mikanda ya nailoni iachie mizigo laini. Ukingo wa chuma unaikata kabla ya Mazeras. Na popote uendako, simama baada ya kilomita za kwanza ukaze upya. Kwa anayeelekea bara, kabla ya kupanda Mazeras ni mahali pazuri, maana mashine imeshakaa na minyororo imeshalegea.

Njia nayo inachagua

Zamani mzigo wa Kwale ulikuwa na mlango mmoja, Likoni. Lobedi na kivuko hawajawahi kupatana. Mdomo wa kivuko na gati hukutana kwa pembe inayobadilika na maji, na siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Maji yakipwa sana pembe inakuwa kali, trela ndefu inakwama tumbo au mkia unakwaruza. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu, kutoka Miritini kupitia madaraja ya Mwache na Mteza, inakufikisha kusini bila kugusa maji. Kwa lobedi ya shingo inayotoka ni njia ambayo hatungeiacha hata kama ni ndefu kwako.

Njia za ndani ndizo zinazovunja watu. Barabara kuu ni ya KeNHA, lakini ukikata kuelekea kwenye machimbo au kiwanja, mwenye barabara anaweza kuwa KURA mjini au KeRRA vijijini, na kibali kifuate mwenye barabara. Ipite njia nzima kwa gari dogo siku moja kabla, ukiwa na tepu na ufito uliokatwa kwa kimo cha mzigo wako ukiongeza sentimita 20. Nyaya za majumbani Kisauni na Mtwapa hulegea na joto la mchana, hivyo kipimo cha alfajiri kinadanganya. Tuta likiwa refu kuliko nafasi iliyo chini ya tumbo la trela, na fupi kwa upana, beba vipande vya mbao nzito vya kutengenezea mteremko pande zote mbili.

Tairi, springi na chumvi

Tairi ndogo za inchi 17.5 zinashusha sakafu kwa zaidi ya sentimita 10 kuliko za inchi 22.5. Zinazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ileile, zinapata moto zaidi, na spea yake haipo kila mahali kati ya Mariakani na Voi. Ukitaka sakafu ya chini bila shingo inayotoka, zina maana. Vinginevyo kaa na 12R22.5 ambazo kila kituo kinazo. Trela za mtumba zenye tairi moja pana kila upande ziangaliwe kwa makini, kwa sababu ekseli ya tairi 2 hairuhusiwi uzito sawa na ya tairi 4, na hesabu yote ya hapo juu inaporomoka.

Springi za majani ni ngumu kwa mzigo na rahisi kwa fundi. Mifuko ya upepo inakuwezesha kuinua au kushusha trela kidogo penye tuta au rampu, na inagawa uzito sawasawa kwa ekseli zote 3, jambo ambalo mizani inalipenda. Lakini mfuko ukipasuka Taru hakuna wa kukuuzia mwingine. Kwa kazi za machimbo tunapendekeza majani. Kwa anayekaa kwenye lami, upepo.

Kitu kingine cha kulinganisha ni kimo cha sahani ya kichwa na cha shingo ya trela. Kichwa kikiwa juu kuliko inavyotakiwa, trela inainama nyuma, na kwa springi za majani ekseli ya mwisho inabeba zaidi ya wenzake. Utailaumu mizani, kumbe ni sentimita 8 za sahani. Kingpini nazo ni za aina mbili, inchi 2 na inchi 3.5. Lobedi nyingi za uzito mkubwa zina ya 3.5, na vichwa vingi vya makontena vina sahani ya 2. Haziingiliani.

Hewa ya Mombasa inakula trela isiyofanya kazi haraka kuliko inayofanya. Bawaba za rampu, pini za shingo, mikono ya breki na matundu ya mabano ya kupanua zipakwe greisi kila wiki mbili, hata kama gari limelala. Sakafu ya mbao ina ubaya wake: inashika maji juu ya bimu, na chuma kinaoza chini yake bila wewe kukiona. Fungua ubao mmoja au miwili kila mwaka uchungulie.

Ukishika ya mtumba

Trela ikiwa tupu na imesimama mahali sawa, vuta uzi kutoka mwanzo hadi mwisho wa bimu kuu. Bimu ya lobedi nzuri hutengenezwa ikiwa imeinuka kidogo katikati ili ikibeba inyooke. Uzi ukikuonyesha katikati pamezama wakati haina mzigo, imeshabebeshwa kupita kiasi, na hakuna kuchomelea kutakakoirudisha. Ondoka.

Kisha nenda kwenye kona ambapo shingo inakutana na sakafu. Hapo ndipo mikazo yote inapokusanyika. Tafuta mistari myembamba ya kutu inayopita juu ya rangi, vipande vya bamba vilivyoongezwa, au rangi mpya mahali pamoja tu. Lobedi iliyoundwa hapa mjini inaweza kuwa nzuri kama ya nje, ila uliza chuma cha bimu ni cha daraja gani na uonyeshwe karatasi ya kiwanda. Fundi anayejibu “ni kizito tu” hajui alichochomelea. Chuma laini cha kawaida kikitumika kwa vipimo vya chuma kigumu, ufa utaonekana hapohapo shingoni.

Pima kingpini kwa kalipa. Ya inchi 2 ikiwa mpya ni milimita 50.8, ikifika 49 ibadilishwe. Pima pia kutoka kingpini hadi kila ncha ya ekseli ya kwanza, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita 3, trela inatembea ubavu na italamba tairi. Funga upepo, zima injini, kanyaga breki ya trela na usikilize mabomba kwa dakika kadhaa, kisha zungusha kila tairi kwa jeki usikie beringi. Mwisho linganisha namba ya fremu na iliyo kwenye hati ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, herufi kwa herufi, kabla pesa haijatoka.